Maswali ya wateja ndiyo matangazo yako: jibu langu kwa dada wa mapazia, Kakamega

Dada, nimesoma swali lako lote pamoja na majibu yaliyofuata. Umesema una duka la mapazia na shuka mjini Kakamega, una ukurasa wa Facebook wenye wafuasi zaidi ya elfu sita, una blogu ya mapambo ya nyumba uliyoianza mwaka jana, na bado wateja wanaotoka mtandaoni ni wa kuhesabu. Ukauliza: ununue wafuasi zaidi, ulipie matangazo kila siku, au uiache blogu upumzike?

Wengi wamekutajia programu za kutengeneza picha na video. Mimi nitakujibu kwa kazi ninayoifanya. Ninatotolesha vifaranga wa kienyeji walioboreshwa na kuwauza hapa Kisumu, upande wa Mamboleo, na wateja wangu wengi huniona kwenye simu kabla ya kunijua kwa sura.

Wafuasi usinunue hata mmoja. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za jamaa na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara, na tangu hapo idadi ya wafuasi na idadi ya wanaokuona ni vitu viwili tofauti kabisa. Posti huonyeshwa watu wachache kwanza. Wakiuliza, wakiituma kwa wenzao, inasogezwa kwa wengine. Wafuasi wa kununua hawana madirisha Kakamega, hawaulizi chochote, kwa hiyo posti ikipelekwa kwao inafia hapo. Hao unaowalipia wanakuzibia njia ya wale wa kweli.

Sasa kazi yenyewe. Fungua WhatsApp ya duka, rudi nyuma miezi mitatu, chukua daftari. Andika kila swali ambalo mteja amekuuliza, kwa maneno yake yeye, hata kama ameandika kwa kifupi au ametuma sauti. Usiyasafishe. Yakirudiwa, weka alama pembeni. Ukimaliza utakuwa na orodha ya vitu ambavyo watu wa eneo lako wanavitaka na kinachowazuia kununua, na hakuna mtaalamu wa masoko atakayekuuzia orodha bora kuliko hiyo. Kila utakachokiweka mtandaoni kuanzia leo kiwe jibu la swali mojawapo.

Nikupe mfano wangu. Wateja wengi wa vijijini walikuwa wananiuliza, "Mimi sina stima, jiko la makaa linatosha kulea vifaranga?" Nikaandika makala kwenye blogu na kichwa chake kikawa swali hilohilo, neno kwa neno. Ndani nikaeleza kwamba wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la kama nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza karibu nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamtoshe. Nikaeleza kwamba jiko linatosha, mradi makaa yawakie nje mpaka moshi uishe, jiko lifunikwe kwa chungu, na chumba kiwe na matundu ya hewa juu, kwa sababu hewa ya makaa kwenye chumba kilichofungwa huua vifaranga na huua mtu pia. Nikaonyesha namna ya kuwasoma vifaranga wenyewe hata kama huna kipimajoto: wakirundikana karibu na jiko wana baridi, wakikimbilia kuta huku wameachama midomo joto limezidi, wakitawanyika wakila na kunywa hapo umepatia. Picha nilipiga mwenyewe kwa simu, moja kwa kila hali. Mwishoni nikaweka bei ya vifaranga na kiungo cha WhatsApp.

Makala hiyo sijaitangaza kwa shilingi hata moja, na mpaka leo inaniletea watu kutoka Vihiga, Siaya, Homa Bay na Busia. Wanafika wakiwa wameshaniamini, kwa sababu nimewasaidia kabla hawajatoa pesa. Mtu wa namna hiyo hasumbui kwa bei. Anauliza tu, "Nikitumiwa Busia watafika wazima?" na hilo nalo nina jibu lake lenye picha: kifaranga anapoanguliwa huwa amebaki na kiini cha yai tumboni, kinaweza kumtunza siku mbili hadi tatu, kwa hiyo safari ya matatu ya saa chache ndani ya boksi lenye matundu haimtishi.

Kwako wewe, naamini swali linalorudi sana ni la vipimo. "Dirisha langu ni futi 6, ninunue mita ngapi?" Hiyo ni makala nzima, ni video fupi ya TikTok, na ni posti ya Facebook. Eleza kwamba futi 6 ni kama mita 1.83, na pazia likae na mikunjo mizuri unahitaji kitambaa mara mbili ya upana huo, yaani karibu mita 3.7 kabla ya pindo. Simama mbele ya dirisha la kweli, mchana, ukiwa na tepu mkononi, umuonyeshe mtu mahali pa kuanzia kupima: kwenye fimbo ya pazia, si kwenye fremu. Halafu mwambie kwa kitambaa hiki gharama ni kiasi fulani pamoja na kushonewa. Mama wa Shinyalu aliyekuwa anaogopa kuingia dukani asije akaonekana hajui anachotaka, sasa anakuja na kipimo chake kwenye karatasi.

Na hapo kwenye gharama niseme kwa herufi kubwa: ANDIKA BEI. Hii tabia yetu ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mtu anayekaa nyumbani usiku akiangalia mapazia ya maduka matano atamwandikia yule mmoja aliyeweka bei. Najua unaogopa washindani wataiona. Wataiona hata wakimtuma kijana wao dukani kuuliza. Kama vitambaa vina bei tofauti, andika "kuanzia" na utaje inayoanzia ni ya kitambaa kipi.

Jambo la pili ambalo sikuliona kwenye maelezo yako: duka lako liko kwenye ramani ya Google? Kusajili biashara hapo ni bure. Mtu akiandika "curtains Kakamega" au "duka la mapazia karibu nami", Google humwonyesha maduka yaliyosajiliwa kwanza, pamoja na simu, saa za kufungua na picha. Mara nyingi wanakutaka uthibitishe kwa video: unarekodi barabara, kibao cha duka, kisha ndani. Fanya hivyo asubuhi duka likiwa limepangwa. Jaza saa zako za kweli, Jumapili ikiwemo, kwa sababu mtu akipanda boda kutoka Lurambi akakuta umefunga hatarudi tena. Mteja akiridhika, mtumie kiungo umuombe aandike maoni yake. Usimpe zawadi wala punguzo kwa ajili ya maoni, Google hawaruhusu, na maoni yaliyonunuliwa yanajulikana kwa kuyasoma tu. Nakuhakikishia kwa duka lenye mlango barabarani, hii kazi ya saa moja ina faida kuliko mwezi mzima wa kulipia posti.

WhatsApp Business naona unayo tayari. Itumie katalogi yake, weka kila kitambaa na bei. Kuhusu ile orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi, kumbuka mambo mawili: inachukua watu 256 tu, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana unatuma kwa mia mbili wanajibu watatu. Dawa yake ni kumwambia mteja papo hapo anapolipa, "Hifadhi namba yangu kwenye simu, Ijumaa naweka vitambaa vipya kwenye stetasi." Stetasi hukaa saa 24, kwa hiyo kila Ijumaa iwe na kitu kipya kweli, si picha ileile na nukuu za kutia moyo. Vikundi vya chama na vya kanisa visikufanye uwe mtu wa kumwaga matangazo. Mimi kwenye vikundi vya wafugaji huwa najibu maswali ya kuku wa watu, bila kutaja bei, na wanaohitaji hunifuata wenyewe.

Matangazo ya kulipia sasa. Lipia, lakini usilipie kila siku, na usilipie kitu ambacho hakijajithibitisha. Subiri posti moja iulizwe sana bila pesa, hiyo ndiyo uisukume, kwa kiasi kidogo kama shilingi 500 kwa siku, siku tatu nne, mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imeingia. Chagua lengo la watu kukutumia ujumbe kwenye WhatsApp. Ukichagua kupendwa kwa posti, utapata kupendwa, na kupendwa hakulipi kodi ya duka. Andika kwenye daftari umetumia ngapi, wameuliza wangapi, wamenunua wangapi. Ukiona mteja mmoja anakugharimu kuliko faida ya pazia lake, zima siku hiyohiyo.

Na usiishie kulenga Kakamega. Fikiria nani analipia mapazia ya nyumba za huko kwetu. Ni kijana au binti aliyeko Nairobi, Nakuru au Mombasa, anayemjengea mama nyumba, na ana simu yake mkononi kila jioni. Huyo hawezi kubeba mapazia kwenye basi kutoka Nairobi bila kujua ukubwa wa madirisha. Anahitaji mtu aliye karibu na boma, atakayekwenda kupima, kushona na kuyafunga. Kuanzia katikati ya Novemba tengeneza tangazo linalolenga Nairobi lenye maneno kama, "Unakuja nyumbani Desemba? Tunapima madirisha ya mama leo, unafika ukiyakuta yamefungwa." Bungoma vilevile: Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara kwa Wabukusu, nyumba zinajaa wageni, na maandalizi ya nyumba huanza wiki nyingi kabla. Nairobi haina kampuni ya matangazo inayoijua kalenda hiyo kama unavyoijua wewe.

Huyo wa mbali shida yake ni kuogopa kutapeliwa. Pokea pesa kwa tili ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara, ili ujumbe anaopata uonyeshe jina lilelile lililo kwenye kibao chako. Chukua nusu kwanza, nusu baada ya kufunga. Mpigie simu ya video wewe ukiwa na mama yake sebuleni, aone kazi. Ukitaka kuweka picha ya sebule hiyo kwenye ukurasa wako, omba ruhusa kwa maandishi, ujumbe wa WhatsApp unatosha kuhifadhi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Blogu usiifunge. Ila ubadilishe unachokitarajia kutoka kwayo. Kama ulikuwa unangoja pesa za AdSense, yaani zile Google wanazokulipa kwa matangazo wanayoyaweka kwenye blogu yako, ujue hawakulipi mpaka ufikishe dola 100, na kwa blogu ya wasomaji wachache wa humu nchini hiyo inaweza kuchukua muda mrefu sana. Tena tangu Julai 2023 mapato ya maudhui ya mtandaoni yamewekewa kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo mlipaji anatakiwa kuikata kabla ya kukutumia. Blogu yako ina bidhaa yake tayari: pazia moja lililouzwa kwa sababu ya makala linaweza kukulipa kuliko maelfu ya watu kuona tangazo la mtu mwingine. Unganisha blogu na Search Console ya Google, ni bure, itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika mpaka wakafika kwako. Hayo nayo ingiza kwenye daftari la maswali. Makala za "mitindo kumi ya sebule za kisasa" zenye picha za nyumba za Ulaya ziondoe, zina washindani duniani kote. "Mapazia ya nyumba ya mabati isiyo na dari" sijaona mtu aliyeyaandikia bado, na nyumba hizo zimejaa kutoka Malava mpaka Mumias.

Ukishaandika maswali yako, weka hapa kumi yanayorudiwa sana. Nitakaa nayo jioni nikuonyeshe yepi yawe makala, yepi yawe video, na yepi uyajibu kwenye katalogi tu. Na kama kuna mwenzetu wa Kitale au Eldoret anayeuza kwa kutuma mizigo kwa matatu, tafadhali ongeza namna unavyokubaliana na makarani wa steji mzigo ukichelewa, maana dada ataanza kutuma hivi karibuni na hilo ataulizwa.