Kijani cha NATO kipi ndo sahihi? Kifaru changu kimetoka cheusi tii

SWALI: Habari fundi. Najenga modeli ya kifaru cha M1A1 Abrams, kipimo cha 1/35, nataka iwe ya Wamarekani waliokuwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 80, ile ya mabaka ya rangi tatu. Nimenunua rangi za Tamiya, XF-67 (kijani), XF-68 (kahawia) na XF-69 (nyeusi), kama karatasi ya maelekezo ilivyosema, nimepuliza vizuri tu, lakini kikikauka nakiona kama kimetoka kwenye gunia la mkaa, kijani na kahawia huwezi kuzitofautisha ukiwa mbali kidogo. Nikiangalia picha, kila picha ina kijani chake, kingine mpaka kinaelekea kijivu. Sasa nimfuate nani, namba au picha?

JIBU: Mkuu, pole, ila hujakosea rangi, hilo nianze nalo kabla hujaenda kununua vichupa vingine vitatu. Mimi natengeneza modeli za kulipwa miaka sasa na swali hili naulizwa kuliko yote, na karibu kila anayeuliza ana rangi sahihi mkononi.

Namba kwanza. Rangi za Wamarekani zinaandikwa kwa FS 595, kiwango chao cha kuzipa rangi namba, na hizo tatu zako ni FS 34094 kijani, FS 30051 kahawia na FS 37030 nyeusi. Namba hizo zina maana: tarakimu ya kwanza ni mng'ao, 1 inang'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai kabisa, ya pili ni kundi la rangi, 0 ni kahawia, 4 kijani, 7 ni yale ya mchanganyiko ikiwemo nyeusi na nyeupe, halafu tatu za mwisho kwa kukadiria zinapanda kadiri rangi inavyokuwa nyepesi. Angalia sasa: 094, 051, 030. Yaani kijani ndo kinatakiwa kiwe chepesi kuliko vyote, kahawia inafuata, nyeusi chini kabisa. Piga modeli yako picha na simu uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe, kama baka la kijani na la kahawia yamemezana basi tatizo umelipata na hukuhitaji kununua chati ya mtu.

(Kiwango chenyewe cha FS 595 kilifutwa 2017 kikarithiwa na AMS-STD-595, namba zimebaki zilezile, kwa hiyo usishtuke ukikuta jina jipya kwenye chati.)

Ukija kujenga Leopard, kifaru cha Wajerumani, usidhani "rangi tatu za NATO" ni kopo moja kwa nchi zote. Wao wanatumia RAL, mfumo wao wa namba za rangi: 6031 kijani, 8027 kahawia, 9021 nyeusi, na kabla ya hapo, mpaka katikati ya miaka ya 80, magari yao yalikuwa rangi moja tu, RAL 6014, ile ya zeituni iliyochoka. Ndo maana kabla ya kujibu rangi gani huwa nauliza gari la nani na la mwaka gani. Mtu anapaka Leopard 2 ya 1980 mabaka matatu, amepaka vizuri kabisa, ila gari hilo halijawahi kuwepo.

Haya, kwa nini chako ni cheusi. Utasikia watu wanasema eti ni kwa sababu ya hewa, modeli ni kama unaangalia kitu cha mbali kwa hiyo lazima kipauke. Mimi hilo silikubali sana. Ukiangalia modeli ya 1/35 ukiwa sentimita 30, ni sawa na kusimama mita 10 na nusu kutoka kwenye kifaru chenyewe, na mita 10 za hewa hazipaushi chochote. Kinachokuangusha ni taa. Nje kwenye jua la mchana mwanga unafika hata laksi 100,000 (kipimo cha mwanga), mezani kwako zikifika 500 ushukuru. Rangi ileile, namba ileile, imetolewa juani ikaingizwa chumbani, lazima itasinyaa, na rangi za giza ndo zinasinyaa zaidi kwa hiyo kijani na kahawia vinakutana huko chini gizani.

Kwa hiyo unaipandisha iwe nyepesi, ila usikimbilie nyeupe! Nyeupe kwenye kijani inakupa kitu kama dawa ya meno. Kwenye XF-67 tia XF-57 Buff, ile ya kikahawia chepesi, matone 10 ya kijani kwa 2 ya Buff hivi kwa kuanzia, kahawia nayo mpandishe na hiyohiyo Buff ila kidogo, tone moja kwa 10, ili pengo la kijani na kahawia liongezeke. XF-69 mwache alivyo, yeye tayari sio nyeusi ya moja kwa moja, ni kijivu cha giza, wamefanya makusudi na wamefanya vizuri. Usijaribie kwenye kifaru, chukua vijiko vya plastiki, paka praima ileile uliyotumia, puliza mchanganyiko wako, subiri ukauke kabisa kabisa, kisha pitisha vanishi isiyong'aa NDO uhukumu. Vanishi inayong'aa inazamisha rangi, isiyong'aa inaipandisha, na ukija kutiririsha ile rangi nyembamba ya mafuta kwenye mifereji na bolti kila kitu kinashuka tena, kwa hiyo mimi huwa namaliza kupuliza nikiwa na modeli inayoonekana imepauka kuliko ninavyotaka, najua huko mbele itashuka.

Kijiko hicho ukiangalie dirishani mchana. Kuna rangi zinafanana chini ya taa moja zikienda kwenye taa nyingine zinakataana, na ukilinganisha usiku chini ya balbu ya njano umejidanganya mwenyewe.

Picha sasa. Sikwambii uzitupe, ila usizichukulie kama kichupa cha rangi. Picha ya jioni inakuja na wekundu wake, ya mawingu inakuja na ubluu, na filamu za miaka hiyo kila moja ilikuwa na tabia zake. Tafuta ndani ya picha kitu unachokijua, tairi la lori pembeni, zege, kibao cheupe, kama zege limekuwa la pinki basi na kijani chake usikiamini. Kile kijani kinachoelekea kijivu ulichoona pengine ni vumbi tu la kweli, maana rangi ile ya CARC, rangi ya jeshi inayostahimili kemikali, haing'ai kabisa, inashika vumbi na alama za buti hatari. Mimi picha nazitumia kujua vumbi limekaa wapi, baka linapita wapi juu ya tareti (kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga), na kipi kimebadilishwa. Angalia Abrams za Iraki 2003, gari zima la mchanga halafu unakuta kipande kimoja cha pembeni au gurudumu ni kijani, spea imetoka stoo wakaifunga hivohivo. Kitu kama hicho hakuna namba itakayokwambia.

Kwa kifaru chako usikwangue wala usianze upya. Puliza huo mchanganyiko wa kijani mwembamba sana, katikati ya kila baka la kijani, ukiacha kingo kama zilivyo. Kahawia vivyo hivyo. Nyeusi usiiguse. Kikikauka piga tena ile picha ya nyeusi na nyeupe.