Usihesabu sayari, kaa kwenye moja

Mdogo wangu wa Nyegezi, unasema umetua sayari thelathini kwenye mchezo wa video wa No Man's Sky, zimeanza kufanana, na unauliza kama uache. Usiache bwana. Mchezo huo una sayari zaidi ya kwintilioni 18 (18 ikifuatwa na sifuri 18), idadi inayotokana na 2 kujizidisha mara 64, na hakuna msanii aliyezichora moja moja: kompyuta huchukua namba ya kuanzia, iitwayo mbegu, na kuiotesha milima, hewa na wanyama. Viungo ni vilevile, kinachobadilika ni mapishi. Kwa hiyo shuka chomboni, tembea kwa miguu, ingia mapangoni. Jiwe la Bismarck lenyewe, lile mwamba wa ziwani hapo Mwanza, umelipita mara ngapi ukiwahi kivuko cha Kamanga, bila kulitazama? Ukichoka kabisa, boresha injini ufike nyota nyekundu. Sayari zake zina madini usiyoyapata kwenye zile za nyota za njano.