Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Bomba Lililozeeka Lisibadilishwe Lote?

SWALI: Ndugu Mhariri, bomba kuu likipasuka barabarani, mafundi huchimba, huziba na kufukia, kisha baada ya miezi michache lami huchimbwa tena hatua chache mbele. Je, isingekuwa nafuu kuweka bomba jipya moja kwa moja? Na miji ya Ulaya, ambayo mabomba yake ni ya kale kuliko yetu, hufanyaje? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Ndugu Mwalimu, katika kazi hii bomba lenyewe si gharama kubwa. Fedha nyingi huishia katika kukata lami, kuchimba mtaro bila kugusa nyaya na mabomba ya majitaka yaliyopishana humo, kugeuza njia ya magari, kisha kuirudisha barabara ilivyokuwa. Kampuni inayohudumia London na bonde la mto Thames ina mabomba ya zaidi ya kilomita 30,000. Hata ikibadilisha kilomita 300 kila mwaka itahitaji karne nzima, na kufikia hapo yale ya mwanzo yatakuwa yamechakaa. Ndiyo maana mhandisi hujiuliza kwanza ni lipi litangulie.

Umri peke yake haumwambii. Mabomba mengi yaliyolazwa London katika karne ya 19 ni ya chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakipindiki, na udongo wa mfinyanzi wa mji ule husinyaa wakati wa ukame, huvimba ukilowa, tena hukila chuma kwa nje, hata bomba likakatika kama chaki. Bomba la rika hilohilo lililolala katika changarawe kavu laweza kuendelea kutumika bila shida. Kwa hiyo kila mpasuko huandikwa, na pale mipasuko inaporudiarudia, kama ulivyoeleza, kuziba ni hasara na hoja yako ni sahihi kabisa.

Si lazima kuchimbua barabara nzima. Huchimbwa shimo kila mwisho, kisha kichwa cha chuma chenye umbo la pia huvutwa ndani ya bomba kuukuu, kikalipasua na kusukumia vipande vyake udongoni, huku bomba jipya la poliethilini, aina ya plastiki, likifuata nyuma. Vipande vya poliethilini huunganishwa kwa joto hata vikawa kitu kimoja, hivyo maungio, ambayo ndiyo huvuja mara nyingi, hupungua. Kinachochosha ni maunganisho ya nyumba, kwa kuwa kila unganisho lazima lifukuliwe na kuungwa upya.

Niongeze jambo moja ambalo hukuuliza. Mpasuko unaofurika barabarani huripotiwa siku hiyohiyo, lakini tundu la milimita 6 lisiloonekana, kwenye bomba lenye presha ya kupandisha maji mita 40, hupoteza takriban lita 40,000 kwa siku, na laweza kuendelea hivyo kwa miaka. Tokyo, iliyokuwa ikipoteza takriban asilimia 20 ya maji yake katika miaka ya 1950, sasa hupoteza takriban asilimia 3. Pamoja na kubadilisha mabomba, hutuma mafundi mitaani usiku, magari yakiwa yametulia, wakisikiliza ardhi kwa vifaa vya kunasa sauti ya maji yanayovuja.