Binadamu kaumbiwa nyama au mimea? Jibu la mtoto wa mchinjaji

Mkuu mleta uzi, umeandika kwamba mwili wetu umeumbwa kwa mimea kwa sababu hatuna meno ya simba na utumbo wetu ni mrefu, na kwamba unataka kumwondolea mtoto wako wa mwaka mmoja nyama, mayai na maziwa. Hilo la mtoto ndilo lililonifanya niandike.

Nimekulia Tukuyu, baba alikuwa mchinjaji. Tangu darasa la tano kazi yangu ilikuwa kuosha utumbo mtoni alfajiri, na baridi ya Rungwe mwezi wa saba aliyeishi kule anaijua. Ukipasua tumbo kubwa la ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi, mvuke unakupanda usoni. Mle ndani vijidudu vinachachusha nyasi usiku na mchana, na kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo peke yake hubeba zaidi ya lita 100. Kuna na lile lenye kurasa kama kitabu, usipolifunua ukurasa kwa ukurasa supu yote inaharibika. Halafu ndipo uje utumbo mwembamba, mita kama 40. Huyo ndiye mla majani. Sisi tuna tumbo moja na utumbo mwembamba wa mita 6 hivi, na nyasi hata uzichemshe siku nzima hazikushibishi.

Lakini paka naye si mwenzetu. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, sisi tunacho tele. Tafuna tonge la ugali taratibu bila kumeza, utalisikia linaanza kuwa tamu.

Habari ya meno haina uzito. Nenda Isimila hapo Iringa uone mawe yaliyochongwa na watu wa kale, makali bado yanaonekana. Olduvai, kule Ngorongoro, kuna mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe, ina miaka karibu milioni 1.8. Mwenye kisu na moto meno ya simba ya nini? Hata sokwe wa Gombe, ambao chakula chao kikubwa ni matunda, mtafiti Jane Goodall aliwaona wakila nyama mwaka 1960.

Kwa hiyo tumeumbiwa vyote. Sasa nije kwa mtoto.

Wa kwangu wa kwanza alizaliwa tukiwa Mafinga, mkoani Iringa. Mahindi yalijaa stoo mpaka mlangoni. Alipofikisha mwaka na nusu, muuguzi alimlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akapima, akarudia, akaweka nukta kwenye kadi, chini kabisa ya mstari wa urefu wa umri wake. "Baba, anakula nini?" Uji, ugali na mchicha. "Yai alikula lini?" Nilishindwa kujibu. Kuku tulikuwa nao, mayai tulikuwa tunauza.

Sikuwa peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, wakati nchi nzima ni 30. Mikoa inayolisha Tanzania! Maradhi yamo, lishe ya mama mjamzito imo, ila sahani imo pia. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huuziba, ndiyo maana kande ya bibi ilikuwa chakula hasa. Vitamini B12 mimea haina. Madini ya chuma ya kwenye nyama na maini mwili huyachukua kirahisi kuliko ya kwenye mchicha.

Tulianza na yai, dagaa wa Nyasa waliosagwa kwenye uji, maziwa, maharage yaliyopondwa, parachichi. Na nikaacha ule utaratibu niliokulia nao, finyango kwa baba, mchuzi kwa watoto. Maini yakipatikana, anaanza yeye.

Wewe mkuu ni mtu mzima. Ukiamua kula mimea tu, utaishi vizuri ukizingatia maharage, karanga na kumeza B12. Ila huyo wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo, anashiba kabla hajapata anachohitaji. Kabla hujamwondolea yai, mpeleke kliniki wampime urefu, uitazame hiyo nukta wewe mwenyewe.