Kigawo au Kigawe? Herufi Moja Inayowaponza Watoto

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la tano. Jedwali la kuzidisha analijua vizuri, lakini akiulizwa vigawo vya 12 anaandika 12, 24, 36. Akiulizwa vigawe, anaandika 1, 2, 3, 4, 6, 12. Na namba tasa kwake ni kila namba witiri. Juzi alinitajia 51 na 91 bila kusita. Nimsaidieje nyumbani?

JIBU: Marahaba, baba. Umefanya vyema kuniandikia namba zenyewe, maana zinaonyesha kwamba binti yako hesabu anaijua. Vigawo vyote sita amevipata, na vigawe vyake ni sahihi. Ameviweka tu chini ya jina lisilo lake. Nimefundisha miaka 26, na sikumbuki mwaka ambao kosa hili halikutokea, tena kwa watoto hodari.

Kwa hiyo anzeni na lugha. Muulize kizibo kinafanya nini: kinaziba. Kifuniko je? Kinafunika. Basi kigawo kinagawa. Kisha muulize kiumbe ni nini: ni kilichoumbwa. Mtume ni aliyetumwa. Kigawe, basi, ni kinachogawanywa. 3 ni kigawo cha 12. 12 ni kigawe cha 3. Aseme hivyo kwa pande zote mbili, kwa 5 na 20, kwa 7 na 42, mpaka ulimi usikwame.

Halafu wekeni daftari kando, mchukue kokoto 12. Mwambie azipange mstatili, mistari yote iwe sawa. Atapata mstari mmoja wa 12, miwili ya 6, mitatu ya 4. Pande za mistatili hiyo ndizo vigawo. Mwongezee kokoto moja, ziwe 13, umwache ahangaike. Tafadhali usimsaidie hapo. Atajaribu mistari miwili, itabaki moja, mitatu, itabaki moja, minne, vilevile. Mwisho atakuambia zinakubali mstari mmoja tu. Hiyo ndiyo namba tasa, na akiigundua kwa vidole vyake hataisahau.

Kuhusu 51 na 91, tumieni chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyesimamia maktaba ya Alexandria kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Andikeni 1 hadi 100, mkate 1. Zungusheni 2, mkate vigawe vyake vingine vyote. Fanyeni hivyo kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Mkifika hapo mmemaliza, kwa sababu 11 × 11 ni 121, imeshapita 100. Zitabaki namba tasa 25. Njiani 51 itakatwa na 3 (5 + 1 ni 6, nayo inagawanyika kwa 3), na 91 itakatwa na 7, kwa kuwa ni 7 × 13. Hiyo 91 huwahadaa hata watu wazima.

Sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote. Andikeni tena 1 hadi 100. Wewe unakata namba shufwa yoyote isiyozidi 50; yeye anakata kigawo au kigawe cha namba hiyo; nawe unakata kigawo au kigawe cha ile aliyokata yeye. Namba iliyokatwa hairudiwi. Anayekosa pa kwenda ameshindwa. Msichana mmoja wa darasa langu, baada ya kushindwa mara nne, aligundua kwamba anayekata 1 amekwisha: mwenzake anakata 97, na 97 haina kigawo kingine zaidi ya hiyo 1 na yenyewe, wala kigawe kingine ndani ya 100. Siku iliyofuata alikuja na orodha ya namba tasa zote zinazozidi 50. Hakuna aliyemwagiza.

Chezeni dakika kumi kwa siku, na akikushinda, mwombe akueleze amekushindaje.

SWALI: Mwalimu, kwa nini 1 si namba tasa, ilhali inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe?

JIBU: Kwa sababu namba tasa ina vigawo viwili kamili, na 1 ina kimoja tu: “1” na “yenyewe” hapo ni kitu kilekile. Iko sababu nyingine nzito zaidi. Kila namba isiyo tasa, kuanzia 4, huvunjika kuwa namba tasa kwa namna moja tu, ukiacha mpangilio: 60 ni 2 × 2 × 3 × 5. Tungeikubali 1, ingekuwa pia 1 × 2 × 2 × 3 × 5, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3 × 5, na mwanafunzi asingejua aishie wapi.