Aliyeko Jikoni Ndiye Msikilizaji Wako wa Kwanza: Ushauri kwa Wanaotunga Nyimbo za Utambulisho

Wiki iliyopita niliandikiwa na kijana mmoja wa Morogoro ambaye, pamoja na wenzake wanne, anatayarisha tamthilia yake ya kwanza. Baada ya kuniamkia kwa adabu, alinieleza kwamba wamekwisha kurekodi sehemu sita za hadithi ya familia inayogombea mashine ya kusaga nafaka, na kwamba kilichobaki ni wimbo wa utambulisho, ambao yeye anautaka uwe mkubwa, wenye fidla nyingi na kwaya, kama wa sinema za nje. "Mwalimu, nianzie wapi?" aliuliza. Nilimjibu kwa mistari miwili siku ile, lakini swali lake liliamsha jambo ambalo nilidhani nimekwisha kulizika.

Mimi nami nilianza kwa kutaka ukubwa. Miaka minane iliyopita nilipewa kazi ya kutunga muziki wa ufunguzi wa tamthilia, nikaifanyia kazi kwa majuma matano, nikawalipa wapiga fidla kwa fedha zangu mwenyewe, nikaomba kwaya ya watu kumi na wawili, na mwishowe nikakabidhi wimbo wa sekunde 90 unaopanda taratibu hadi kwaya inapopasua. Jioni tamthilia iliporushwa, nyumba yetu ilijaa ndugu na majirani. Zilisikika sekunde 12, zilizokatwa kabla kwaya haijaingia. Majina yakapita juu yake: la dereva lilikuwapo, la mpishi lilikuwapo, langu halikuwapo. Mama alikuwa jikoni akimimina chai, na alipofika sebuleni na sinia lake aliuliza, "Mwanangu, wimbo wako utapigwa saa ngapi?"

Jambo hilo bado linaniuma, na sioni sababu ya kulificha. Hata hivyo, swali la mama lilinifundisha zaidi ya masomo yote niliyowahi kuyalipia, kwa maana wimbo wa utambulisho ni hodi inayobishwa kwa mtu ambaye bado hajaketi. Yuko jikoni, yuko uani anaanua nguo, au yuko mlangoni anaagana na mgeni, naye ni lazima aijue sauti hiyo na aache alichokishika. Wimbo wangu ulikuwa unangoja watu wakae kimya kwanza ndipo uanze kusema.

Tangu hapo nilianza kusikiliza kazi za wengine kwa sikio hilo. Chukua wimbo ambao Lalo Schifrin aliutunga kwa ajili ya tamthilia ya Kimarekani ya Mission: Impossible, iliyoanza kurushwa mwaka 1966. Kiberiti kinawashwa, utambi unashika moto na kukimbia kwenye kioo, huku picha za haraka kutoka katika sehemu ya siku hiyohiyo zikipita, na chini yake kuna mwendo wa mapigo matano ambapo sikio limezoea manne. Jaribu kuugonga mezani kwa vidole: mapigo mawili marefu, mawili mafupi, kisha unarudi mwanzo kabla hujawa tayari. Mwili unahisi kwamba muda unakimbia, na hadithi yenyewe ni ya watu wanaokimbizana na muda. Mtunzi hakupamba hadithi kwa nje. Aliichukua haraka iliyokuwa ndani yake akaipa mdundo.

Ninayemtazama zaidi, kwa sababu ninazozijua moyoni, ni Delia Derbyshire wa BBC. Mwaka 1963 alipewa karatasi ya muziki iliyotungwa na Ron Grainer kwa ajili ya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, akaigeuza kuwa sauti bila bendi: alirekodi uzi mmoja ukichapwa, akabadilisha kasi ya utepe ili kupata noti za juu na za chini, kisha akaukata utepe huo kwa wembe na kuuunganisha kipande kwa kipande. Sauti ile ya upepo usiotoka popote imewaita watoto wa Uingereza sebuleni kwa miongo mingi. Jina lake halikuandikwa kwenye majina ya tamthilia hadi mwaka 2013, katika sehemu ya kuadhimisha miaka 50, naye alikuwa amefariki mwaka 2001. Kwa hiyo nawasihi wadogo zangu: kabla hamjatunga noti hata moja, mkataba useme jina lenu litaandikwa wapi na litakaa kwa sekunde ngapi. Msione haya kulidai. Haya yangu ndiyo iliyonigharimu.

Mwaka jana nilipata nafasi nyingine, safari hii kwa hadithi ya mafundi wa majahazi. Sikuajiri kwaya. Nilikwenda Bagamoyo, nikakaa ufukweni asubuhi nzima nikimsikiliza fundi akikalafati, akishindilia pamba kwenye maungio ya mbao kwa nyundo, mara tatu, kimya, mara moja. Nilirekodi mdundo huo kwa simu, nikauwekea zeze na sauti ya mwanamke mmoja asiyetamka neno, na wimbo mzima ulikuwa wa sekunde 18. Baada ya mwezi mmoja watoto wa mtaani kwetu walikuwa wakigonga geti langu hivyohivyo: mara tatu, kimya, mara moja. Na mama, kutoka jikoni, alisema, "Imeanza hiyo," akaja na mikono yake ikiwa bado na unga. Hakuna tuzo ninayoitamani kuliko hiyo.

Kwa hiyo acheni kutafuta ukubwa, ndugu zangu. Tafuteni sauti ambayo tayari inaishi ndani ya hadithi yenu. Tangu Netflix ilipoweka kitufe cha kuruka ufunguzi mwaka 2017, mtazamaji anaweza kuwafungia mlango kwa kidole kimoja, nanyi hamwezi kumlaumu ikiwa mmempigia fidla zinazofaa hadithi yoyote ile. Ingieni ndani ya hadithi, kaeni humo, sikilizeni, kisha mkate, na mkimaliza kukata, mkate tena.

Nimemwandikia upya kijana wa Morogoro. Nimemwomba aziache fidla, aende mashineni alfajiri kabla wateja hawajapanga foleni, arekodi injini inavyowaka na debe la kwanza la mahindi linavyomiminwa. Jana jioni alinitumia sekunde 40. Kwenye sekunde ya 22 mkanda wa mashine unateleza mara mbili, unalia kama mtu anayekataa, kisha mashine inashika mwendo. Nimemwambia aanzie hapo.