Kuhamisha mfumo wa mauzo na stoo kutoka VB6 kwenda kwenye brauza

Mkuu, umeuliza kama mfumo wenu wa Visual Basic 6 (VB6, lugha ya zamani ya programu za Windows) juu ya faili la Access, hifadhidata ya Microsoft, unaweza kuhamia kwenye brauza kwa kuchora upya skrini zilezile. Skrini ndiyo kazi nyepesi. Kinachotesa ni yale ambayo programu ya zamani iliyapata bure: kujua nani kashika rekodi, kuimiliki kibodi yote, na kuwa na printa pembeni.

Rekodi kwanza. Seva ya wavuti haijui kama karani bado yuko kwenye fomu au kafunga laptop kaenda kula, kwa hiyo usiizuie rekodi kwa wengine ukimsubiri. Weka safu ya toleo, yaani namba inayopanda kila rekodi ikibadilishwa, kwenye jedwali, itume pamoja na fomu, kisha hifadhi hivi:

UPDATE bidhaa SET bei = 4500, toleo = 8 WHERE id = 212 AND toleo = 7

Ikibadilika rekodi 0, kuna aliyemtangulia karani. Mwoneshe bei aliyoandika yeye na iliyopo sasa, achague. Idadi ya stoo ni habari nyingine: usitume salio jipya, tuma "toa 3" na seva ipunguze yenyewe. La sivyo keshia wawili wakiuza sukari kwa pamoja, mmoja anamfutia mwenzake.

Mtandao ukiyumba, keshia atabonyeza Hifadhi tena. Kuzima kitufe hakutoshi, maana ombi la kwanza huenda lilifika na jibu ndilo likapotea njiani. Brauza iipe kila risiti kitambulisho kabla ya kutuma, hifadhidata ikatae kukirudia, na ombi la pili lijibiwe kwa risiti ileile.

Watu wa kaunta hawashiki mausi. F1 na F5 unaweza kuzinyang'anya, ila Ctrl+N, Ctrl+T na Ctrl+W kwenye kichupo cha kawaida cha Chrome huzipati. Angalia pia skana: nyingi humalizia msimbo kwa Enter, na Enter ndani ya fomu ya HTML huituma fomu. Utashangaa bili zinahifadhiwa zikiwa na bidhaa moja moja.

Risiti ya milimita 80 italeta dirisha la kuthibitisha kila mara, isipokuwa Chrome imefunguliwa kwa swichi ya --kiosk-printing, inayochapa bila kuuliza. Kufungua droo ya pesa bila kuchapa kwa kawaida kunahitaji programu ndogo kwenye kompyuta ya kaunta, inayotuma amri za ESC/POS, lugha ya printa za risiti.

Pesa zikae kwenye safu ya aina ya DECIMAL(19,4), yaani desimali nne kamili, maana Currency, aina ya pesa ya VB6, nayo ina desimali nne. JavaScript, lugha ya brauza, ikijumlisha 0.1 na 0.2 inapata 0.30000000000000004. Seva ikiwa kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yataingia ripoti ya jana.

Usihamishe vyote siku moja. Peleka data kwenye SQL Server, hifadhidata ya seva ya Microsoft, kwanza na programu ya zamani iunganishwe huko, ili zote mbili ziandike sehemu moja. Hoja (maombi ya data kwa hifadhidata) zenye tarehe ndani ya alama za # zitagoma, hizo utaziona haraka. Za hatari ni zinazotafuta "= -1": Access huhifadhi Ndiyo kama -1, bit ya SQL Server, aina yake ya Ndiyo/Hapana, ni 1, hivyo orodha inarudi tupu bila kosa lolote. Baada ya hapo hamisha ripoti, halafu stoo. Kaunta iwe ya mwisho, na isiwe mwisho wa mwezi.